Opinel Namba 8 kama zawadi: kisu, sarafu yake na hewa ya chumvi

Wafaransa wana kisu cha kukunja ambacho babu humpa mjukuu na rafiki humpa rafiki. Kinaitwa Opinel, na saizi inayojulikana kuliko zote ni Namba 8. Hao hao Wafaransa wanaamini kwamba kisu kilichotolewa bure hukata urafiki. Mambo hayo mawili yanakaa nyumba moja bila ugomvi kwa sababu ya sarafu: anayepokea anatoa senti mfukoni, anamkabidhi aliyempa, na shauri limekwisha. Kisu hakikutolewa, kimeuzwa, na biashara haikati undugu.

Imani hiyo haikuishia Ufaransa. Waitalia wanayo, Waingereza wanayo, Wamarekani wengi bado hubandika peni ndani ya boksi, na huko Ufilipino aliyepewa visu siku ya harusi yake humlipa mgeni peso moja ili ndoa isikatike. Kwa hiyo ukikipima kisu cha zawadi unapima mambo mawili. La kwanza, kinakata vizuri na kitadumu? La pili, kinakabidhika? Yaani boksi, namna ya kukitoa, sarafu, maelezo yanayoambatana nacho, na kama aliyekipokea ataweza kutoka nacho nje bila kuvunja sheria.

Tuseme mapema: kwa bei yake, ambayo Ulaya kwa kile cha kawaida haifiki euro 20, ni vigumu kupata kisu cha mfukoni kinachofaa zaidi kuwa zawadi. Lakini ni Namba 8 ya INOX, yaani chuma kisichopata kutu, tunayoizungumzia, si ya CARBONE, chuma kinachopata kutu, na si kila mtu wa kupewa.

Joseph Opinel alitengeneza kisu chake cha kwanza mwaka 1890, kwenye karakana ya baba yake huko Savoie, upande wa milima ya Alpi. Mwaka 1897 akapanga saizi kuanzia Namba 1 hadi Namba 12. Alama ya mkono wenye taji ilianza kutumika mwaka 1909, na hadi leo iko kwenye ubapa. Mwaka 1955 ikaongezwa pete ya chuma inayozunguka shingoni mwa mpini na kuzuia kisu kisijikunje chenyewe. Wao wanaiita Virobloc. Kuanzia mwaka 2000 pete hiyo inafunga kisu kikiwa kimekunjwa pia, kwa hiyo hakifunguki ovyo mfukoni. Zaidi ya hapo umbo halijabadilika sana.

Vipande ni vitano tu: ubapa, mpini, pete isiyozunguka, pete inayozunguka, na ribiti inayoshika ubapa. Hakuna springi. Namba 8 ina ubapa wa sentimita 8.5 na mpini wa sentimita 11 hivi, na uzito wake ni kama gramu 45, mwepesi kuliko simu yoyote uliyowahi kubeba. Mgongo wa ubapa haufiki milimita 2, ndiyo maana kinapita kwenye nyanya iliyoiva bila kuiminya na kinamenya embe bila kula nyama yake. Visu vingi vya kukunja vya sokoni vina ubapa mnene kama wa patasi. Vinapasua kitunguu badala ya kukikata.

Wembamba huo una gharama yake. Ukikipa mtu anayefungua makopo kwa ncha ya kisu, au anayetaka kutenganisha mifupa ya kuku kwa kupindisha ubapa, kitapinda au ncha itavunjika. Mtu wa namna hiyo mnunulie kitu kingine.

Sasa tuje kwenye CARBONE na INOX, maana hapa ndipo zawadi nyingi za Opinel zinapoharibikia, hasa zinapopelekwa pwani. Neno moja kati ya hayo limepigwa kwenye ubapa chini ya alama ya mkono. CARBONE ni chuma kinachoitwa XC90, chenye kaboni asilimia 0.90. Kinanoleka upesi na kuwa na makali ya kutisha, ila kinapata kutu. Kata ndimu, kiache dakika chache bila kukifuta, na kitakuwa na madoa ya kijivu. Kata ndizi mbichi, na utomvu wake utakiacha cheusi. Wapenda visu huipenda rangi hiyo kwa sababu inaupa ubapa ngozi ya kuzuia kutu nyekundu, lakini aliyepewa zawadi akiona kisu chake kipya kimekuwa cheusi wiki ya kwanza atafikiri amepewa takataka. Mombasa, Tanga, Zanzibar, Mtwara, hewa yenyewe ina chumvi. Kisu cha CARBONE kikisahauliwa kwenye droo miezi miwili bila mafuta kitatoka na vipele vya kutu ambavyo havitoki kwa kufuta.

INOX ni chuma cha 12C27M kinachotoka Sweden. Kunoa kwake kunachukua muda zaidi kidogo, lakini hakidai chochote zaidi ya kukaushwa. Kwa mtu anayeishi Nairobi au Arusha na anayejua visu, CARBONE inaweza kuwa zawadi nzuri. Kwa mwingine yeyote, INOX.

Chuma kisichopata kutu bado hakikuokoi na tatizo la pili, ambalo ni mpini. Mpini wa kawaida ni mbao ya mti wa Ulaya wa jamii ya Fagus, na mbao hiyo inanyonya unyevu na kuvimba. Ikivimba, mfereji unaohifadhi ubapa unabana, na kisu kinakataa kufunguka. Hili si hitilafu ya kiwandani. Wafaransa wenyewe wanalijua na wana mbinu yake, wanaiita pigo la Msavoie. Geuza pete hadi ifunguke, shika kisu kikiwa kimekunjwa, kisha gonga kitako cha mpini, ule upande wa mbali na pete, juu ya meza ngumu au jiwe. Gonga moja ya haraka, si ya nguvu. Ubapa unachomoza milimita chache na unauvuta kwa ukucha. Mfundishe anayepokea mbinu hii siku hiyohiyo, la sivyo atachukua koleo na kukwaruza ubapa.

Mbinu hiyo ni ya muda. Dawa yenyewe inafanyika nyumbani kabla ya kufunga zawadi, na inachukua siku nne au tano. Acha kisu kikiwa wazi kivulini penye upepo siku mbili. Usikianike juani, mbao itapasuka karibu na pete. Chukua msasa laini, namba 240, ukunje kwenye kipande cha kadi nyembamba, pitisha ndani ya mfereji mara tano au sita kila upande. Usizidishe, maana ukipanua sana ubapa utacheza. Halafu paka mafuta ya kitani kidogo sana kwa kitambaa, ndani ya mfereji na nje, subiri robo saa, futa yaliyobaki, acha yakauke siku moja, rudia mara moja. Hapo mbao inanyonya maji polepole zaidi. Kitambaa chenye mafuta ya kitani usikikunje na kukitupa kwenye pipa: mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kujiwasha moto. Kitandaze nje kikauke au kiloweke majini.

Mafuta ya alizeti usiyatumie, yanakuwa ya kunata na kunuka. Ya nazi yanavumilia zaidi, na pwani yanafanya kazi vizuri kwenye ribiti. Lakini nyanda za juu, joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, yanaganda na kisu kinakuwa kigumu kufungua asubuhi. Kwa ribiti, tone moja la mafuta meupe yanayopakwa vibao vya kukatia chakula linatosha.

Kuna toleo lisilo na shida hii kabisa: Namba 8 Outdoor, yenye mpini wa plastiki ngumu na filimbi mwishoni. Halivimbi. Kwa mvuvi, kwa mtu wa boti, au kwa mwongoza watalii ndilo la kununua. Kasoro yake ni kwamba nusu ya ubapa ni meno ya msumeno. Yanakata kamba vizuri sana, ila siku yakiwa butu kinoo cha kawaida hakiyafikii, unahitaji kijiti cha kunolea chembamba. Na likiwa mkononi halina uzuri wa mbao. Kama zawadi ya heshima linapungua kidogo, tuseme ukweli.

Mpini wa mzeituni ni mzuri mno na kila mmoja una michirizi yake. Unagharimu zaidi. Kama unataka kuchonga jina, chagua mbao ya kawaida isiyo na michirizi mingi ili herufi zisomeke, chonga kwanza, ndipo upake mafuta. Ukipaka kabla, alama ya moto inasambaa na kingo za herufi zinafifia.

Kuhusu bandia: zipo. Angalia mkono wenye taji uliopigwa ndani ya chuma, si kuchapwa kwa rangi. Jina OPINEL na neno INOX au CARBONE. Namba ya saizi kwenye mpini. Geuza pete: ya kweli inakwenda laini na kukaza polepole mwishoni, kwa sababu mwanya wake umekatwa kwa mteremko. Pete inayozunguka raundi nzima bila kukaza popote si salama hata kama kisu ni halisi.

Pete hiyo hiyo ndiyo chanzo cha vidole kukatika. Mtu ambaye hajawahi kuona Opinel anafungua kisu, hageuzi pete, anachoma kitu kwa ncha, na ubapa unamkunjikia. Kwa hiyo usikabidhi boksi likiwa limefungwa kisha ukaondoka. Kifungue mbele yake, geuza pete, bonyeza mgongo wa ubapa juu ya meza aone haukunjiki, geuza tena, kifunge, kisha umpe ajaribu mwenyewe.

Hapo tumefika kwenye kukabidhi, na sarafu.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, mpokeaji anatoa sarafu yake mwenyewe. Ya pili, inayopendwa zaidi Uingereza na Marekani, mtoaji anaweka sarafu ndani ya boksi pamoja na kisu, na mpokeaji anaichukua na kumrudishia papo hapo. Ya pili inaonekana kama mchezo wa kitoto, pesa ni yako na inarudi kwako, lakini ina faida kubwa: haimwaibishi mtu asiye na chenji. Siku hizi kila mtu analipa kwa simu. Mtu wa Nairobi anaweza kumaliza wiki bila sarafu hata moja mfukoni. Kutuma shilingi moja kwa simu hakuna ladha, na haikuwahi kuwa sehemu ya mila.

Thamani iwe ndogo kabisa. Ukidai noti umeuza kweli. Kenya, shilingi moja yenye twiga inatosha. Tanzania, shilingi 50 yenye kifaru na mtoto wake ndiyo ndogo ambayo bado utaipata bila kuhangaika. Wajapani wana bahati na hili: sarafu yao ya yeni 5 ina tundu katikati, inafungika kwa uzi kwenye boksi, na tena jina la yeni 5 kwao linasikika sawasawa na neno la kheri la kuunganishwa na mtu. Ukitaka kitu cha kufanana nacho kwetu, tafuta kwa wakusanyaji senti 10 ya Afrika Mashariki ya enzi za Waingereza. Nayo ina tundu, na ni shaba inayong'aa ukiisugua. Mzee anayeikumbuka atafurahia sarafu kuliko kisu.

Sarafu usiibandike kwenye ubapa. Hili linafanywa sana na ni kosa. Gundi ya selotepu inashika unyevu chini yake, na sarafu ya shaba ikigusana na chuma chenye unyevu inaharakisha kutu pale inapogusa. Kwenye CARBONE utapata duara la kahawia lisilotoka, na hata INOX inaweza kubaki na alama ya gundi inayohitaji spiriti kuiondoa. Weka sarafu kwenye bahasha ndogo chini ya kifuniko, au ifunge kwa uzi wa pamba shingoni mwa mpini, chini ya pete, pasipo na makali.

Afrika Mashariki mila ya sarafu si yetu. Tuna za kwetu kuhusu vitu vyenye makali. Maduka mengi ya mtaani hayauzi sindano usiku, na muuzaji hatakueleza sababu, atakwambia tu uje kesho. Zipo nyumba ambako kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono. Unakiweka chini au mezani, mwenzako anakiokota, ili msije mkagombana. Zipo nyingine za pwani ambako kisu kidogo huwekwa chini ya mto wa kichanga kumkinga, na hapo hakuna anayekiona kisu kuwa nuksi. Upande wa zawadi hatuna woga wowote. Nenda kwenye kichenpati yoyote Dar es Salaam: seti za visu zinapangwa pembeni ya masufuria na beseni, bibi harusi anapokea kwa vigelegele, na hakuna anayedai shilingi. Kwa hiyo ukimpa Mtanzania Opinel na kumwomba sarafu, mweleze kwanza. Asipoelezwa atafikiri umemdai hela ya zawadi, na hapo kweli urafiki utakatika.

Kwa mkubwa, iende hivi. Salamu kwanza, kisu kikiwa kimekunjwa na pete imefungwa, mikono miwili, mpini ukimwelekea yeye. "Shikamoo mzee. Nimekuletea kisu, lakini huko kilikotoka hawatoi kisu bure, wanasema kitatukata. Naomba uninunulie kwa shilingi hii iliyo ndani ya boksi." Atacheka, atakupa, ataweka kisu mfukoni. Kama ni mtu wa nyumba isiyopokezana kisu, weka boksi mezani na umwachie mwenyewe kulivuta. Mila mbili zinaweza kufuatwa kwa pamoja bila moja kuidhuru nyingine.

Na mtu asiyetaka habari hizi kabisa? Wapo, na wengine kwa sababu za dini: wanaona kuamini sarafu inazuia balaa ni ushirikina. Usibishane. Toa sarafu kwenye boksi kabla hujafunga. Kisu hakina habari.

Ukitaka kulinganisha na vingine kabla ya kununua, tuanze na Victorinox. Ni ya Uswisi, karakana ya Karl Elsener ilianza mwaka 1884 huko Ibach, na kisu chao chekundu cha maofisa kilisajiliwa mwaka 1897. Kile kidogo cha milimita 58, Classic, chenye mkasi na tupa ya kucha, ni zawadi isiyokosea kwa mtu wa ofisini. Hakifai jikoni. Lakini kampuni hiyohiyo inauza kisu cha kumenyea chenye mpini wa plastiki na ubapa wa sentimita 8 au 10, ambacho kwa kazi ya jikoni kinaipita Opinel: kinaoshwa bila wasiwasi, hakivimbi, na cha meno kinakata nyanya kwa miaka kabla ya kuchoka. Tatizo lake ni kwamba hakionekani kama zawadi. Vifunge vitatu pamoja na kibao cha mbao, hapo vitaonekana, na kwa bibi harusi vina maana kuliko seti ya visu kumi vya rangirangi ambavyo saba kati yake havitaguswa.

Kisu cha Kijapani cha jikoni ndicho ambacho watu wa Ulaya na Marekani wananunuliana sana siku hizi. Japani kwenyewe kuna pande mbili: wapo wanaosema kisu hukata uhusiano, na wapo wanaosema hukata njia na kuifungua mbele yako, kwa hiyo kinafaa kwa harusi na kwa anayeanza biashara. Mji wa Seki, unaoishi kwa visu, hufanya ibada ya kuviaga visu vilivyochakaa kila Novemba 8. Kama zawadi kwa jiko la Kiswahili tunakipinga, isipokuwa kwa mpishi wa kazi. Chuma chake ni kigumu na makali yake ni membamba. Mfupa wa kuku, muhogo uliogandishwa, au kifuu cha nazi vinakimegua vipande vidogo vya nusu milimita, na kukirudisha ni kazi ya saa nzima kwenye vinoo vitatu. Mnoa visu wa baiskeli hawezi kazi hiyo. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, sawa, ila awe na wa kukinoa.

Puukko, kisu cha jadi cha Finland, iko peke yake kwenye orodha hii. Huko kumpa mtu kisu ni heshima na ishara ya kumwamini, na sarafu haina nafasi kubwa. Marttiini wa Rovaniemi wanatengeneza tangu mwaka 1928: ubapa usiokunjwa, mpini wa mbao, ala ya ngozi. Ni kisu kizuri cha kuchongea. Ala ndiyo inayoponza pwani, kwa sababu ngozi inashika unyevu, inaota ukungu, na ubapa ulio ndani unapata kutu hata kama ulifutwa. Kikiishi Zanzibar, kihifadhiwe nje ya ala.

Na jambia? Oman, ambako jambia liko kwenye bendera na ufundi wake uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2022, zawadi ya jambia ni ya juu kabisa, na hakuna anayesema linakata kitu. Uhusiano wa Oman na pwani yetu, hasa zama za Seyyid Said bin Sultan karne ya 19, ndio uliotuachia bwana harusi wa Zanzibar, Lamu na Mombasa anayetoka na joho, kilemba na jambia kiunoni. Lakini hilo ni vazi, si kisu. Ubapa wake mara nyingi hauna makali ya kazi. Thamani iko kwenye fedha ya ala na kwenye mpini. Ukinunua la zamani, uliza mpini ni wa nini. Biashara ya kimataifa ya pembe ya kifaru ilizuiwa mwaka 1977 na CITES, mkataba wa kulinda wanyama na mimea pori, na jambia lenye mpini huo litakamatwa forodhani hata kama ni la babu yako. Mpini wa mbao ya kawaida hauna matatizo hayo.

Turudi kwa Opinel na makali yake, maana kisu cha zawadi kikiwa butu baada ya miezi sita na mwenyewe hajui kukinoa, kinahamia droo. Weka kinoo kidogo ndani ya boksi, namba 1000, au 1000 upande mmoja na 3000 upande wa pili. Loweka kama ni cha maji. Makali ya Opinel yanataka nyuzi 20 kila upande, na kwa upana wa ubapa wa Namba 8 hiyo ni kuinua mgongo milimita 6 hivi kutoka kwenye kinoo, takriban unene wa penseli. Sukuma makali yakitangulia, kuanzia shingoni hadi ncha, mara kumi upande mmoja, hadi kidole kihisi ukwaruzo mwembamba upande wa pili wa makali. Geuza, mara kumi. Kisha punguza: tano, tatu, moja, moja, kwa mkono mwepesi. Jaribu kwenye karatasi ya gazeti.

Usikipeleke kwenye gurudumu la umeme. Ubapa ni mwembamba, unapata joto kwa sekunde, na ukiona rangi ya bluu kwenye makali ugumu wake umekwisha hapo. Gurudumu pia linakula ncha, na baada ya kunolewa mara nne namna hiyo Namba 8 inakuwa Namba 6.

Kwa ndugu walioko Uingereza, au kwa anayetaka kuwapelekea, kuna jambo la sheria. Kule mtu haruhusiwi kutembea hadharani na kisu bila sababu ya msingi, isipokuwa cha kukunja kisichojifunga na chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.6. Namba 8 inashindwa kote kuwili: ina sentimita 8.5, na ina pete ya kufunga. Nyumbani au jikoni hakuna tatizo. Mfukoni barabarani ni kosa. Pete inaanzia Namba 6 kwenda juu. Namba 5 haina, na ubapa wake ni sentimita 6, kwa hiyo kwa London hiyo ndiyo ya kununua, au Classic ya Victorinox. Pia England na Wales muuzaji haruhusiwi kumuuzia kisu aliye chini ya miaka 18, isipokuwa cha kukunja chenye ubapa usiozidi inchi 3, kwa hiyo usimtume kijana dukani akununulie Namba 8.

Uwanja wa ndege ni rahisi zaidi: kisu kama Namba 8 hakiingii kwenye begi la mkononi, kiwe kimefungwa kwa karatasi ya zawadi au la. Kiende kwenye mzigo wa chini, pete imefungwa, ndani ya boksi lake. Usikifunge kwa karatasi ya zawadi kabla ya safari, maana wakaguzi wanaweza kuichana wakitaka kuona kilichomo. Beba karatasi na utepe pembeni, ufunge ukifika. Sarafu nayo ibebe mfukoni mwako.

Kwa mtoto, ipo Namba 7 yenye ncha ya mviringo na kinga ya vidole, inayouzwa kama Opinel ya kwanza. Ubapa ni sentimita 8, una pete ileile, na unakata kwelikweli. Ncha ndiyo iliyoondolewa, si makali. Anza naye kwenye tango na ndizi mbivu, akae chini, mkono mwingine ukae nyuma ya kisu na si mbele yake. Sarafu atoe mtoto mwenyewe kutoka kwenye kibubu chake.